Muulize Fundi: Bima wameandika hasara kamili, mimi gari nalitaka

*Shikamoo Fundi. Mimi ni dereva mwongoza watalii, nakaa Ngaramtoni. Gari ninalofanyia kazi aliniachia marehemu baba, yeye alilinunua mwaka 2009. Ni Land Cruiser HZJ75, injini 1HZ, lilirefushwa chesesi hapa hapa Arusha likawa la siti saba, na lina paa la kunyanyua. Mwezi wa tatu nilikuwa natoka kufunga kambi Ngaresero, nimebaki na mpishi tu ndani ya gari. Kabla ya kufika Engaruka punda akaingia barabarani ghafla. Nikamkwepa, tairi la mbele kushoto likaingia korongoni, gari likalala ubavu kisha likageuka matairi juu. Mimi nilichubuka tu, mpishi alivunjika mtulinga na sasa anaendelea vizuri.*

*Gari lilikuwa na bima kubwa ya shilingi milioni 70. Gereji waliyoiteua wao imekadiria matengenezo kuwa milioni 52. Kampuni imeandika kwamba ni hasara kamili. Ama nichukue milioni 66.5 (wameshakata asilimia 5 ninayojibebea) na wao wachukue gari, ama nibaki na mabaki, ambayo wameyathamini milioni 18, na wanilipe milioni 48.5. Nina deni la SACCOS milioni 11 na kadi ya gari iko kwao. Baba zangu wadogo wanasema chukua hela, gari lililopinduka lina mkosi. Mke wangu hazungumzii mkosi, anasema tu kwamba hatalipanda na hataki nipakie watu ndani yake. Mimi gari la mzee nalitaka. Barua yao inanipa siku 14. Nifanyeje?*

*Msomaji, Ngaramtoni*

Marahaba mwanangu. Pole wewe, na pole nyingi kwa mpishi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana siku 14 ni chache na kuna mambo lazima yafanyike kabla hujasaini chochote.

Nianze na hilo neno hasara kamili, kwa sababu naona limewakaa vibaya hapo nyumbani. Hilo ni neno la mhasibu. Wakilitengeneza gari, wanatokwa na milioni 52. Wakikulipa thamani ya milioni 70 halafu wauze mabaki milioni 18, wanatokwa na 52 zile zile. Mtu wa bima akiona njia mbili zina gharama moja, atachagua ile inayofunga faili. Anajua gereji ikishafumua gari itarudi na makadirio ya nyongeza: leo maunting za injini, wiki ijayo gia boksi imepasuka sikio, mwezi ujao difu. Hatari hiyo haitaki, na kwa upande wake ana haki. Lakini katika hesabu yote hiyo sioni mahali ambapo mtu amelala chini ya gari lako akasema chesesi imekwisha.

Hata hizo milioni 52, omba karatasi ya makadirio uipitie mstari kwa mstari. Kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, ukiitoa inabaki kama milioni 44. Na katika hizo 44 nina hakika karibu kila kitu kimeandikwa kipya: mlango mpya, bawa jipya, boneti mpya. Huku kwetu mtaa wa Unga Limited fundi bodi mzuri ananyoosha mlango ambao wakala wa magari angeutupa, na bawa la HZJ75 lililotumika unalipata mtaa wa Gerezani pale Dar es Salaam. Kwa hiyo bei ya kulifufua gari kwako wewe na bei ya kulifufua kwao ni vitu viwili tofauti.

Sasa swali lako litajibiwa na chesesi, na kwenye gari lako litajibiwa na sehemu moja ya chesesi: pale iliporefushwa.

Toyota hawakulitengeneza gari hilo na urefu ulio nao leo. Fundi fulani alizikata reli zote mbili za chesesi, yale machuma marefu yanayobeba gari, akaingiza vipande, akachomelea. Kama alikuwa fundi wa kweli, ndani ya reli aliweka kipande kingine cha kushikilia maungio, na nje akabandika bamba lenye ncha zilizochongoka. Kama alikuwa na haraka, alikata wima kama anayekata mkate, akaunganisha kichwa kwa kichwa na kupaka rangi nyeusi. Kwenye barabara ya Natron, yale mawimbi ya vumbi na mawe, kazi ya namna ya pili huanza kupasuka polepole hata bila ajali. Gari likipinduka, uzito wote unajipinda pale pale kwenye maungio.

Kabla hujachagua kati ya fedha na mabaki, waandikie bima uombe ruhusa ya kukagua gari pamoja na fundi wako. Sijaona wakikataa ombi lililoandikwa kwa heshima. Nenda na brashi ya waya, tochi, mafuta ya taa robo lita, kitambaa kikavu na chaki nyeupe za shuleni. Sugua maungio mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Halafu saga chaki, upake unga wake juu ya chuma, ukae hapo uangalie. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yanarudi nje taratibu na kulowesha chaki, na ufa ambao jicho lisingeuona unajichora wenyewe, mstari mwembamba wa kijivu kwenye weupe. Nimeona mstari kama huo ukizunguka pande tatu za reli kwenye gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshalilipia rangi mpya. Fanya hivyo kwenye maungio yote, kwenye masikio ya springi, na zaidi ya yote pale stelingi boksi inapofungwa kwenye reli.

Ukikuta nyufa ndogo pembeni mwa weldi, hizo zinatibika. Ukikuta reli imekunjana, chuma kimejikunja kama karatasi, au ufa umekula zaidi ya nusu ya reli kwenye maungio, chukua milioni 66.5, lipa SACCOS, piga picha na gari la mzee ulishukuru, uliache liende. Nakuambia hivi nikijua uchungu wake.

Chesesi ikipona, kuna mambo ya makaratasi. SACCOS wameshika kadi, kwa hiyo malipo yatawahusu wao kwanza. Nenda kawaeleze leo, wakupe barua kwamba wanakubali ubaki na mabaki. Halafu hiyo thamani ya milioni 18, uliza imetoka wapi. Kampuni hupata bei ya mabaki kwa kuwaita wanunuzi watoe ofa. Omba kuona ofa ya juu kabisa kwa maandishi. Kama hakuna ofa na ni makisio ya mtu ofisini, una nafasi ya kujadiliana, na kila milioni inayopungua hapo inaingia kwenye mfuko wako. Hati ya kukubali malipo isome yote, maana ukishaisaini huwezi kurudi kudai nyongeza. Mkishindwa kuelewana na kampuni, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi ya kanda hapa Arusha, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huduma hizo ni za mtu kama wewe, usione aibu kuzitumia.

Na gari liko wapi sasa hivi? Kama liko kwenye uwanja wa gereji au wa brekdauni, nenda kesho asubuhi ukapige picha na kuandika orodha: betri zote mbili, altaneta, redio koli, jeki, magurudumu mawili ya akiba, friji. Mwenye uwanja asaini. Gari lenye kesi huliwa usiku kidogo kidogo, na mwisho hakuna wa kumuuliza.

Kuhusu injini nakuomba sana, usikubali mtu yeyote aiwashe. Gari limelala matairi juu. Oili ya kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, imeteremka kupita pistoni, na nyingine imepita kwenye bomba la kupumulia ikaingia njia ya hewa. Injini yako ya dizeli inabana hewa zaidi ya mara 20, na oili haibanwi. Ukipiga starta, pistoni inagonga oili, konrodi inapinda, na 1HZ nzima imegeuka chuma chakavu kwa sababu ya sekunde moja ya kuwa na hamu. Fungua plagi za kupashia moto zote sita, funika matundu kwa kitambaa, kaa pembeni, kisha zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, mizunguko miwili kamili, polepole. Oili itaruka, iache iruke. Safisha njia ya hewa na eya klina, badilisha oili na filta, ndipo upige starta plagi zikiwa bado nje. Na kwa kuwa umeshafika hapo, badilisha taiming belti. Hujui mara ya mwisho mzee aliibadilisha lini.

Chesesi ikishavuliwa bodi, ipeleke kwa fundi anayepima. Namna tunayopima sisi ni ya zamani na haidanganyi. Chesesi inawekwa juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, inasawazishwa kwa mpira wa maji kama wa mafundi ujenzi. Kutoka kwenye kila tundu la kulia na tundu mwenzake la kushoto unaangusha timazi, unaweka alama chini kwa chaki. Ukiondoa chesesi, sakafuni inabaki picha yake kwa nukta. Sasa vuta tepu kwa msalaba, kulia mbele mpaka kushoto nyuma, kushoto mbele mpaka kulia nyuma. Tofauti ya mistari miwili ikizidi milimita 5 mimi siifungi bodi. Inavutwa kwa mnyororo na jeki ya haidroliki, ikiwa baridi. Fundi akikimbilia moto wa gesi kuipasha reli ili ilainike, mzuie, maana chuma kilichopashwa namna hiyo hakirudi kuwa na nguvu ile.

Maungio yenyewe yafanywe upya hata kama hayakupasuka. Kata kwa mshazari, weka kipande cha ndani, bamba la nje liwe na ncha zilizochongoka, na weldi isipite kwa kukatisha uso wa juu na wa chini wa reli, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote zinapopita. Ufa wowote utobolewe tundu dogo kwenye ncha yake kabla ya kuchomelewa, vinginevyo utaendelea kutembea chini ya weldi. Na namba ya chesesi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele, karibu na gurudumu. Pale pasiguswe na grenda. Akija mtu kukuuzia chesesi nyingine ya bei nzuri, fahamu kwamba hapo unanunua gari jingine lenye namba nyingine, na bila polisi na TRA kuhusika utakuwa unaendesha kesi.

Vipande vya stelingi nitavisemea peke yake.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zimeharibu barabara zote, gereji ilikuwa imejaa mpaka nje. Nilikuwa nimeshafanya kazi hii miaka kumi na moja tangu nianze kama spanaboi, na nilijiona najua. Mteja mmoja alikuwa na safari ya asubuhi, tairodi yake, chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, imepinda, spea hakuna mjini. Nikaipasha moto, nikainyoosha juu ya fuawe, nikaipoza kwa maji. Ikaonekana imenyooka kama mpya. Wiki tatu baadaye ilikatika Kikatiti, gari likatoka barabarani likaingia kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyekufa. Yule dereva hakuja kugomba. Aliingia gereji, akaweka vipande viwili juu ya meza yangu, akasimama pale bila kusema neno. Pale ilipokatikia chuma kilikuwa cha punje punje, kama chumvi ya mawe. Kipande kimoja ninacho mpaka leo, kinaning'inia juu ya vaisi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu anakishika kwanza kabla sijampa spana.

Kwa hiyo tairodi, fimbo ya stelingi, naki, pini na mipira yake, visinyooshwe hata kimoja. Kilichopinda kinatupwa. Senta bolti za springi zibadilishwe zote nne, maana ikikatika moja ekseli inasogea nyuma na gari linavuta upande mmoja, mtu akadhani ni alaimenti. Mikanda ya siti iliyowashika wewe na mpishi siku ile imeshavutika, haifai tena. Nunua mipya.

Nimeandika mengi kuhusu chuma, lakini aliyeuliza swali zito katika barua yako ni mke wako. Paa la kunyanyua ni zuri kwa kumtazama simba, ila ni tundu kubwa lililokatwa juu ya bodi. Bodi ya namna hiyo ikipinduka, nguzo ndizo zinazobeba kila kitu, na nguzo za kiwandani hazikupigiwa hesabu hiyo. Kwa hiyo ndani ya bajeti yako weka fremu ya bomba la chuma, tao moja nyuma ya dereva na jingine katikati ya siti za wageni, miguu yake ikae juu ya mabamba mapana ili isitoboe sakafu. Hiyo ije kabla ya rangi. Watu wengi wakipata fedha ya bima wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayofuta sura ya ajali. Kwako iwe ya mwisho.

Fedha zako ni hizi. Milioni 48.5 ukitoa 11 za SACCOS zinabaki 37.5. Mimi ningeweka ukomo wa milioni 28 kwa gari, niuandike kwenye daftari kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Zilizobaki ni za kula na ada za watoto kwa miezi ambayo hutakuwa na gari, na za bima mpya. Kampuni utakayokwenda kwayo iambie wazi kwamba gari lilipinduka, likaandikwa hasara kamili, likajengwa upya. Wape picha za kila hatua na taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi. Huenda mwanzoni wakakupa bima ndogo tu, isiyolipia gari lako. Afadhali hivyo kuliko kuficha, kwa sababu bima iliyojengwa juu ya kuficha itakataa kulipa siku utakayoihitaji.

Siku chesesi iko uchi kwenye stendi, rangi haijapigwa, mlete mama watoto. Usimwambie kitu. Mwonyeshe weldi, mwache aguse, aone bomba za fremu. Gari likikamilika, liendeshe kilomita 1,000 bila mtu: kwanza lami mpaka Makuyuni na kurudi, kisha vumbi mpaka Engaruka. Kaza bolti zote upya, rudia mafuta ya taa na chaki kwenye maungio. Hapo muulize tena kama atapanda. Akisema bado, msubiri.

*Fundi habari za kazi. Nipo Majengo, Moshi. Nimepata Land Rover Defender kutoka Uingereza, bei imeshuka sana. Muuzaji anasema kwenye karatasi zake iko kundi S. Ndiyo nini, na ninunue?*

*Msomaji, Moshi*

Salama ndugu yangu. Uingereza, gari likiandikwa hasara kamili, bima wanalipangia kundi. Tangu Oktoba 2017 makundi ni manne: A, B, S na N. La A linasagwa lote. La B linaweza kutolewa spea, lakini bodi yake hairudi barabarani. N ni gari ambalo mifupa yake haikuguswa. S ni lile lililoumia mifupa, kwa hiyo muuzaji wako amekuambia ukweli, na kwa Defender ya zamani mifupa maana yake ni chesesi hasa. Magari ya mnada ya Japani yenye daraja R au RA nayo ni ya ajali yaliyotengenezwa.

Bei si sababu ya kulikimbia wala kulikimbilia. Omba picha za wakati wa ajali, kabla halijatengenezwa. Asipokuwa nazo, mwambie apige picha za chini ya gari leo, kutoka mbele mpaka mhimili wa mwisho wa nyuma. Defender hizo za zamani waliacha kuzitengeneza Januari 2016, na barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi, hivyo kutu ni tatizo la pili juu ya ajali. Kama una mtu kule, aende na nyundo ndogo agonge chesesi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti nzito ya debe lenye mchanga. Akiisikia sauti hiyo kwenye mhimili wa nyuma au karibu na pale springi zinapokaa, mwache muuzaji na bei yake.